Mimea ya Ndani, Taa na Moto

Katika masomo yaliyopita ulijifunza kwamba mimea ya kijani hujitengenezea chakula chake yenyewe. Katika somo hili utajifunza jinsi mimea inavyoweza kukuzwa ndani ya nyumba kwa mwanga wa taa za umeme. Utajifunza pia jinsi taa hizo zinavyoweza kuleta moto, na namna ya kuuzuia moto huo. Soma kwa makini, fanya majaribio mawili yaliyomo, kisha ujibu maswali yaliyo mwishoni.

Kwa nini watu hukuza mimea ndani?

Bila shaka umepata kuona au kusikia habari za Kariakoo, katikati ya jiji la Dar es Salaam. Zamani nyumba nyingi za Kariakoo zilikuwa za chini, zenye vyumba pande mbili za ukumbi na ua kwa nyuma. Katika ua ule mtu aliweza kupanda mpapai, mchicha au pilipili. Siku hizi nyua nyingi zimekwisha, na mahali pake pamejengwa maghorofa. Maghorofa hayo yamesimama karibu karibu, hata madirisha ya vyumba vingine hutazamana na ukuta wa jirani. Jua likiwa kali barabarani, ndani ya chumba huwa kiza.

Hata hivyo, watu wa mjini hupenda mboga mbichi kama watu wa shamba. Pakiti ya mbegu za nyanya au mchicha hupatikana madukani kwa bei ndogo. Udongo huweza kutiwa katika ndoo kuukuu au kopo lililotobolewa chini. Kinachokosekana ni mwanga. Ndiyo maana wengine huwasha taa juu ya mimea yao.

Kumbuka mmea unavyotengeneza chakula. Mizizi hufyonza maji kutoka katika udongo. Majani huingiza hewa ya kabonidayoksaidi. Ndani ya majani mna rangi ya kijani iitwayo klorofili, ambayo hupokea nguvu ya mwanga. Kwa nguvu hiyo mmea huunganisha maji na kabonidayoksaidi kufanya sukari, na hutoa hewa ya oksijeni. Kazi hii huitwa usanisinuru. Usanisinuru huweza kufanyika kwa mwanga wa jua au kwa mwanga wa taa, mradi mwanga huo uwe wa kutosha. Katika nchi yenye baridi kali kama Uholanzi, wakulima hukuza nyanya na maua ndani ya nyumba za vioo, na wakati wa kipupwe huwasha taa kubwa. Taa moja ya namna hiyo huweza kutumia wati 600 au hata 1000.

Jaribio la 1: Mmea na mwanga

Vifaa: makopo matatu yenye udongo, mbegu tisa za maharage, maji.

Panda mbegu tatu katika kila kopo. Weka kopo la kwanza nje penye jua, la pili ndani karibu na dirisha, na la tatu ndani ya kabati lililofungwa. Mwagilia makopo yote kwa kiasi kilekile cha maji kila siku. Baada ya siku 10, pima urefu wa miche kwa rula na utazame rangi ya majani.

Utaona kwamba mche uliokaa kizani umerefuka lakini ni mwembamba, umepauka, na hauwezi kusimama vizuri. Mche huo ulirefuka kwa kutafuta mwanga. Uliishi kwa akiba ya chakula iliyokuwa ndani ya mbegu; akiba ikiisha, utakufa. Tazama pia kopo la dirishani. Je, miche yake ni mizuri? Ikiwa ni mizuri, basi mahali hapo hapahitaji taa.

Taa hutoa mwanga na joto

Balbu ya zamani ina uzi mwembamba wa madini yaitwayo tungsteni. Umeme ukipita katika uzi huo, uzi hupata moto wa karibu digrii 2500 za Selsiasi na hung'aa. Lakini tazama ajabu hii: katika kila sehemu 100 za umeme unaoingia katika balbu hiyo, sehemu zisizozidi 10 hutoka kama mwanga. Sehemu zaidi ya 90 hutoka kama joto. Kwa hiyo balbu ya uzi ni jiko dogo linalotoa mwanga kidogo. Kioo chake huweza kupata joto linalozidi lile la maji yanayochemka.

Taa za LED hazina uzi wa kuungua. Taa ya LED ya wati 9 hutoa mwanga unaokaribia ule wa balbu ya uzi ya wati 60. Hutumia umeme mdogo, na joto lake ni dogo zaidi. Lakini usidanganyike ukadhani kwamba haina joto kabisa. Kitako chake, mahali palipo na vifaa vya kugeuza umeme, hupata moto. Kikifunikwa kisipate hewa, taa huharibika na huweza kuleta hatari.

Sasa fikiri jambo hili. Mwanga wa balbu hutawanyika kadiri unavyokwenda mbali. Ukiiweka balbu mbali mara mbili zaidi, mwanga unaolifikia jani hupungua ukabaki robo tu. Mkulima akiona miche yake imepauka, hushawishika kuishusha taa karibu na majani. Kisha, ili mwanga usipotee, huizungushia boksi la karatasi ngumu au kipande cha kitambaa. Amepata mwanga, lakini pia amelifungia joto mahali pamoja pamoja na vitu vikavu. Hapo ndipo hatari inapoanza. Wafugaji wanaotia balbu katika boksi ili kuwapa vifaranga joto wamo katika hatari hiyo hiyo.

Jaribio la 2: Kupima joto la taa

Jaribio hili lifanywe mbele ya mwalimu. Mwalimu ndiye atakayechomeka na kuchomoa plagi.

Vifaa: taa ya mezani, balbu ya uzi ya wati 60, balbu ya LED ya wati 9, kipimajoto, rula, saa.

1. Mwalimu aweke balbu ya uzi na kuiwasha.
2. Weka kipimajoto umbali wa sentimita 30 kutoka kwenye balbu. Ngoja dakika 5, kisha usome kipimo.
3. Rudia kwa umbali wa sentimita 20, halafu sentimita 10. Usikaribie zaidi ya hapo, na usiguse balbu.
4. Mwalimu azime taa, achomoe plagi, na angoje mpaka balbu ipoe. Kisha aweke balbu ya LED.
5. Rudia vipimo vyote vitatu. Andika majibu yako katika jedwali.

Balbu ipi ilipandisha kipimajoto zaidi? Joto lilibadilikaje ulipokaribia? Ukichagua taa ya mimea, utachagua ipi, na utaiweka umbali gani?

Moto huhitaji vitu vitatu

Moto hauwezi kuwaka bila vitu vitatu: kitu cha kuungua, hewa ya oksijeni, na joto la kutosha. Ukikiondoa kimoja tu, moto huzimika au hauwaki kabisa.

Tazama sasa chumba chenye mimea chini ya taa. Hewa imo, nasi hatuwezi kuiondoa kwa kuwa twaivuta. Vitu vya kuungua vimo pia: majani makavu yaliyopukutika, maboksi, mapazia, godoro na mifuko ya plastiki. Taa ndiyo inayoleta joto. Karatasi kavu huweza kushika moto ikifikia digrii 230 hivi za Selsiasi, hata kama hakuna aliyeiwashia kiberiti. Kwa kuwa hewa haiondoki, yatupasa kulitenga joto na vitu vya kuungua.

Waya uliobebeshwa mzigo mkubwa

Si balbu peke yake inayopata moto. Umeme unapopita katika waya wowote, waya hupata joto. Mkondo wa umeme ukiongezeka mara mbili, joto linalotoka katika waya huongezeka mara nne. Waya mwembamba ukibebeshwa mkondo mkubwa, plastiki iliyouvika hulainika na kuyeyuka. Nyaya zilizo ndani zikigusana, umeme hupiga shoti, na cheche huruka.

Tuseme nyumbani kwenu mna ekstensheni moja ya ampea 10. Umeme wa majumbani Tanzania ni wa volti 230. Ili kujua ekstensheni hiyo yaweza kubeba wati ngapi, zidisha volti kwa ampea:

230 × 10 = wati 2300.

Sasa jumlisha vitu vilivyochomekwa hapo kwa pamoja:

Birika la umeme: wati 2000
Pasi: wati 1000
Friji: wati 150
Taa ya mimea: wati 100
Jumla: wati 3250

Je, mzigo huu unafaa? Haufai. Umezidi kwa wati 950. Taa ya mimea ni mzigo mdogo kuliko vyote, lakini ndiyo inayowaka saa nyingi, huenda saa 12 kila siku. Birika huchemka na kuzima, taa hubaki. Kwa hiyo taa ya mimea yafaa iwe na soketi yake peke yake, isichanganywe na pasi wala birika.

Ndani ya plagi ya pini tatu mna fyuzi. Fyuzi ni waya mfupi uliowekwa makusudi ili ukatike mkondo ukizidi, kabla waya mkubwa haujaungua. Kwa taa ya wati 100, fyuzi ya ampea 3 inatosha. Kuna watu ambao fyuzi ikikatika huifunga kwa karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara au kwa kipande cha waya. Mtu afanyaye hivyo amemfukuza mlinzi wa nyumba yake. Ukiona fyuzi inakatika mara kwa mara, mwambie mzazi amwite fundi wa umeme.

Maji na umeme

Mimea hunyweshwa maji kila siku, na taa iko juu yake. Maji ya bomba yana chumvichumvi zinazopitisha umeme, na maji yaliyotiwa mbolea yana chumvi nyingi zaidi. Tone moja likiingia ndani ya soketi laweza kuleta shoti, au kumpiga mtu kwa umeme. Tone la maji baridi likiangukia balbu ya moto, kioo chake huweza kupasuka.

Kwa hiyo, kabla ya kumwagilia, zima taa na uchomoe plagi kwa mikono mikavu. Usiilaze ekstensheni sakafuni chini ya makopo. Mwombe mtu mzima aifunge ukutani, juu kuliko mimea. Tena waya wa taa uning'inie kwanza chini ya soketi, ndipo upande kuingia ndani yake. Tone likiteremka katika waya litaanguka sakafuni badala ya kuingia kwenye soketi.

Umeme unapokatika

Umeme ukikatika usiku, watu huwasha mshumaa au koroboi. Taa ya mimea imezimika, nayo husahaulika. Pengine mtu huianikia nguo au huiangusha gizani. Asubuhi watu huenda kazini na shuleni. Umeme unaporudi, taa huwaka tena katika chumba kisicho na mtu. Kwa hiyo umeme ukikatika, chomoa plagi ya taa ya mimea mara moja. Usiiache taa hiyo ikiwaka wakati hakuna mtu nyumbani au wakati wote wamelala. Mimea haidhuriki kwa kukaa gizani usiku, kwani hata shambani jua huchwa.

Fundisho kutoka Soko la Kariakoo

Jengo kuu la Soko la Kariakoo lilisanifiwa na Mtanzania aitwaye Beda Amuli, likafunguliwa mwaka 1975. Lilijengwa kwa zege, na paa lake lilikuwa na umbo la miavuli mikubwa, ili hewa na mwanga wa mchana viingie ndani. Usiku wa Jumamosi, tarehe 10 Julai 2021, soko hilo liliungua. Wafanyabiashara wengi walipoteza mali waliyoichuma kwa miaka mingi. Siku iliyofuata Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alifika sokoni, na Serikali ikaunda timu ya kuchunguza chanzo cha moto.

Hatulitaji tukio hili kwa sababu ya taa za mimea. Twalitaja kwa kuwa watu wengi hudhani kwamba nyumba ya zege haiungui. Ni kweli kwamba zege haliwaki kama makuti au mbao. Lakini vitu vilivyomo ndani huwaka, navyo vikiwaka, zege huzuia joto na moshi visitoke upesi. Katika maghorofa mengi ya Kariakoo, ghorofa za chini ni maduka na stoo za vitambaa, viatu na vyombo vya plastiki, na juu yake huishi watu. Moto wa chumba kimoja huweza kuwa moto wa jengo zima.

Gari la zimamoto nalo lahitaji njia. Kituo cha Zimamoto kilichopo Barabara ya Morogoro, mahali ambapo wenyeji hupaita Faya, hakiko mbali na Kariakoo. Lakini mitaa ya Kariakoo huwa imejaa meza za biashara, mikokoteni na magari. Dakika zinazopotea njiani haziwezi kurudishwa. Ndiyo maana kuuzuia moto ni bora kuliko kuuzima.

Moto ukitokea

Ukiona moto au ukisikia harufu ya plastiki inayoungua, fanya hivi:

1. Piga kelele, "Moto! Moto!" ili kila mtu asikie.
2. Toka nje mara moja. Usikusanye vitabu, nguo wala fedha.
3. Kama kuna moshi, inama au tambaa. Moshi hupanda juu. Hewa safi hubaki karibu na sakafu.
4. Funga mlango nyuma yako bila kuufunga kwa ufunguo, ili kuupunguzia moto hewa.
5. Tumia ngazi. Usiingie katika lifti, kwa maana umeme ukikatika utanaswa humo.
6. Ukiwa nje, mwombe mtu mzima apige simu namba 114, ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Lazima ataje mtaa, jina la jengo, ghorofa inayoungua, na kama kuna watu ndani.
7. Usirudi ndani kwa sababu yoyote. Mtu akikosekana, waambie askari wa zimamoto.

Usimwage maji juu ya moto wa umeme. Maji hupitisha umeme, na anayeyamwaga huweza kufa. Mtu mzima aweza kuzima swichi kuu ikiwa anaweza kuifikia bila hatari. Moto mdogo wa umeme huzimwa kwa mtungi wa unga mkavu au wa kabonidayoksaidi. Kazi hiyo si ya mtoto.

Madirisha na milango mingi ya mjini ina nondo za kuzuia wezi. Nondo hizo huweza pia kumzuia mwenye nyumba asitoke. Ufunguo wa geti la nondo lazima uwekwe mahali pamoja panapojulikana na watu wote wa nyumbani, hata mdogo kuliko wote.

Mambo ya kukumbuka

Mmea huhitaji mwanga, na taa ya umeme huweza kuutoa. Kila taa hutoa joto pia. Balbu ya uzi hutoa joto jingi, LED hutoa kidogo. Taa iwe mbali na karatasi, vitambaa na plastiki, na isifunikwe. Jumlisha wati kabla ya kuchomeka kitu. Chomoa kabla ya kumwagilia, kabla ya kulala, na kabla ya kutoka nyumbani. Penye dirisha lenye jua au paa linalofikika kwa usalama, tumia jua: halina waya, halina fyuzi, wala halilipiwi.

Maswali

1. Taja vitu vitatu vinavyohitajika ili moto uwake. Katika chumba chenye taa ya mimea, kila kimoja hutoka wapi?
2. Kwa nini mche uliokuzwa kizani hurefuka lakini ni dhaifu?
3. Ekstensheni ya ampea 5 imechomekwa katika umeme wa volti 230. Yaweza kubeba wati ngapi? Je, pasi ya wati 1000 na taa mbili za wati 100 kila moja zinaweza kutumia ekstensheni hiyo kwa pamoja? Onyesha hesabu yako.
4. Jirani amefunika taa ya miche kwa kanga ili mwanga usimsumbue mtoto aliyelala. Mweleze, kwa adabu, hatari iliyopo na jambo la kufanya.
5. Kwa nini si salama kumwaga maji juu ya moto wa umeme?
6. "Nyumba yetu ni ya zege, haiwezi kuungua." Je, maneno haya ni ya kweli? Toa sababu.

Kazi ya nyumbani

Ukiwa pamoja na mzazi au mlezi, pita katika kila chumba cha nyumba yenu. Andika idadi ya soketi, vitu vilivyochomekwa katika kila moja, na wati zilizoandikwa juu ya kila kitu. Usifungue wala kugusa waya wowote. Chora ramani ya nyumba ikionyesha mlango wa kutokea, mahali ufunguo wa geti unapowekwa, na mahali mtakapokutana nje moto ukitokea. Ileteni darasani ramani hiyo, mwieleze wenzenu.